Tarumbeta ya Tatu

14 Januari

Shemeji,

Salamu nyingi kwako na kwa dada. Natumaini magoti yako yametulia na sikio la kushoto bado linasikia, maana la kulia tulishalisahau. Sisi huku wazima, isipokuwa mimi, na ndiyo sababu ya barua hii. Ningepiga simu, lakini siku hizi nikisema maneno kumi nakohoa ishirini, na wewe mwishoni ungeniambia, "Rudia, sikusikia." Kwa kalamu sikohoi.

Mapafu yangu yamechoka. Daktari wa wilaya alinisikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mzee, ulikuwa kiwanda cha saruji?" Nikamwambia: unga wa ngano, miaka kumi na mmoja, jeshini, chumba kisicho na dirisha. Tangu nitoke jeshini nimeshona viatu tu, wala sijagusa unga. Akaandika kwamba ugonjwa umetokana na kazi ya jeshi, akanituma kwenye bodi inayosikiliza madai ya askari wa zamani. Wakikubali, nitatibiwa hospitali ya jeshi maisha yangu yote. Kule kuna mashine ya kupumulia, na dawa ambazo kwenye zahanati yetu kila nikienda naambiwa zimeisha jana.

Nilingoja miezi mitano. Majibu nakunakilia neno kwa neno, na nakuomba ukae chini kwanza:

"Kumbukumbu zinaonyesha kwamba mwombaji alitumikia bendi ya kikosi kama mpiga tarumbeta ya tatu kwa miaka kumi na mmoja, bila kukosa gwaride. Kazi hiyo huhitaji mapafu yenye nguvu. Bodi inaona kwamba mwombaji aliondoka jeshini akiwa na mapafu mazima na kwamba ugonjwa ulianza baadaye. Madai yamekataliwa."

Mapafu mazima, shemeji! Mwanangu, yule mkunga, alipofika kwenye neno tarumbeta alidhani wamekosea mtu. "Baba, wewe ulipiga tarumbeta?" Nilicheka mpaka pumzi ikakatika, akanikimbilia na beseni la maji ya moto nivute mvuke. Mtu wa miaka thelathini na tano, na hajawahi kuambiwa kwamba baba yake aliandikwa bendi.

Wewe ndiye uliyeniandika. Mwisho wa kukata rufaa ni tarehe 2 Aprili. Niambie nifanye nini.

Shemeji yako,
Chachu


27 Januari

Shemeji Chachu,

Barua yako ilitukuta wazima, ikatuacha hoi. Dada yako aliisoma kwa sauti jikoni. Sikukaa chini kama ulivyoniomba, na nimejuta. Yeye alicheka, kisha akalia, kisha akauliza kwa nini hukutuambia mapema kwamba unaumwa. Swali hilo limeelekezwa kwako na anataka jibu la maandishi.

Mimi bado naenda chuoni siku tatu kwa wiki kushona vitabu vya maktaba vilivyochanika. Meza iko chini ya dirisha, nina sindano, uzi wa kitani na kopo la gundi. Wanafunzi wananiita Mzee wa Migongo, kwa kuwa kitabu huumia mgongo kwanza. Miaka thelathini na mmoja katika nchi ya watu nimejifunza kukaa kimya na kushona sawasawa.

Nimecheka peke yangu kazini nikikumbuka ulivyoingia bendi. Kikosi chetu hakikuwa na nafasi ya mwokaji hata moja. Mkate uliletwa na lori kutoka mjini, ukifika mgumu kama kisigino cha buti. Ukaja wewe, kuruta wa wiki tatu, ukaoka mikate sita ndani ya pipa la mafuta lililokatwa, na mkuu wa kikosi akala mmoja peke yake, wima.

"Huyu haendi popote," akaniambia.

"Nimwandike wapi, afande?"

"Popote penye nafasi."

Nami nikafungua daftari. Na siku za gwaride, je, unakumbuka? Mikanda myeupe, mstari wa nyuma, tarumbeta imezibwa kwa kitambaa ndani, na mkuu wa bendi akikunong'oneza, "Ukitoa sauti, hata moja, nakulaza ndani." Jeshi zima ni wewe peke yako uliyepewa amri ya kunyamaza huku umeweka tarumbeta mdomoni.

Sasa sikiliza. Wao wamesoma orodha ya askari, ambayo ni daftari langu. Kulikuwa na daftari jingine, la wagonjwa, pale zahanati ya kambi. Yule dresa aliyekuwa akitufunga vidonda hakuwahi kuja kuazima orodha yangu. Alimuuliza askari mwenyewe, "Kazi yako?" na akaandika alichojibiwa. Mtume mkunga kwenye ghala la nyaraka za jeshi, aombe daftari la wagonjwa. Naamini humo hukuwa mpiga tarumbeta.

Shemeji yako,
Karani


9 Februari

Shemeji,

Salamu tele. Mwambie dada sikumwambia mapema kwa sababu angekuja na kunivalisha sweta mbili mchana wa jua kali. Hilo ndilo jibu langu la maandishi.

Wewe ni mchawi wa madaftari! Mwanangu aliomba ruhusa kazini akaenda. Mzee wa ghala alimwambia arudi wiki ijayo. Akamjibu, "Baba, mimi nazalisha, sijazoea kumwambia mtu arudi wiki ijayo." Wakamfungulia. Alitafuta siku mbili, akapiga chafya za mwaka mzima, akalipata. Nimo mara kumi na tatu! Sikia moja: "Mwokaji. Kikohozi, kifua chabana. Vumbi la unga. Asiingie tanurini siku mbili." Nyingine dresa ameongeza kwa hasira, "Nimeshasema chumba kitobolewe dirisha." Mungu amweke pema. Dirisha halikutobolewa.

Nilidhani tumemaliza. Tukapeleka nakala kwa katibu wa bodi, kijana mpole mwenye tai iliyokaza. Akaweka madaftari mawili mbele yake. "Mzee, namba ya jeshi ni moja, watu ni wawili. Mmoja anaoka, mmoja anapiga. Nimwamini nani?"

"Mwamini anayeoka."

"Orodha ya askari ndiyo kubwa kisheria. Aliyeiandika yuko hai?"

"Yuko hai, ila hasikii."

"Hahitaji kusikia. Ale kiapo kwa maandishi kwamba aliandika uongo, na aseme kwa nini."

Basi ni wewe, shemeji. Karatasi moja yenye mhuri wa wakili, ifike kabla ya 2 Aprili. Isipofika, rufaa inakwenda na orodha yako, na orodha yako inasema nina mapafu ya tarumbeta.

Na kuna swali moja limenikaa kooni miaka yote hii. Siku ile kulikuwa na nafasi mbili, ya tarumbeta na ya seremala. Nakumbuka, nilikuwa nimesimama mbele yako, na ulizisoma zote mbili kwa sauti. Ungeniandika seremala, leo wangeona vumbi la mbao na mambo yangekwisha. Kwa nini tarumbeta?

Shemeji yako,
Chachu


28 Februari

Shemeji,

Hamjambo? Sisi hatujambo, kifua kiasi. Sijapata barua yako. Posta wanasema hakuna mfuko uliopotea. Labda umeiandika ukasahau kuipeleka, kama ile kadi ya harusi ya mwanangu uliyoituma mtoto wao akiwa ameota meno.

Wiki hii nimeshindwa kufika kibandani kwangu bila kupumzika mara tatu njiani. Jirani yangu fundi baiskeli ameniwekea kigoda katikati ya njia, na wateja wa viatu sasa wananikuta hapo hapo. Nimefungua tawi.

Shemeji yako,
Chachu


12 Machi

Shemeji,

Kama mnaumwa, semeni. Kama nimekukosea, sema. Kama umekufa, mwambie dada aandike.

Siku ishirini na moja zimebaki. Sikulazimishi. Najua naomba mtu aliyejivunia daftari safi aseme lilikuwa na doa. Nijibu hata kwa neno moja nijue la kumwambia mwanangu, maana kila jioni ananiuliza, nami namwambia posta imechelewa, na yeye ananitazama kama anavyowatazama wanaomdanganya tarehe za mimba.

Chachu, shemeji yako bado


19 Machi

Shemeji yangu mpendwa,

Nianze na afya yako, kwa sababu ndiyo niliyoichezea. Najua umekuwa ukihesabu pumzi huku mimi nahesabu visingizio. Barua zako zote tatu zilifika, hakuna posta ya kulaumu.

Hati ya kiapo iko ndani ya bahasha hii. Nitakueleza kwa nini imechukua muda wote huu, kisha unitukane kwa nafasi.

Kwanza, uliyoyataja ni kweli. Daftari langu lilikaguliwa mara tisa na halikukutwa na kosa. Nimeishi ugenini bila nyumba na bila cheo, na nilipokosa usingizi nilijifariji kwamba nilikuwa karani safi. Pili, unajua tulivyoondoka. Utawala ulipobadilika na kambi ikavunjwa, waliotafutwa kwanza walikuwa makarani, kwa kuwa tulijua majina ya watu. Tangu tuvuke mpaka sijaandika jina langu kamili kwenye karatasi yoyote inayorudi huko. Najua mambo yalishabadilika, waliotutafuta wamezeeka kuliko sisi. Lakini mkono hausomi magazeti. Kila nikifika kwenye sahihi, unasimama.

Mwisho nikaandika hati ya kurasa mbili, Kiswahili safi, nikamtupia kila kitu mkuu wa kikosi. Dada yako alikuwa anabangua njegere. Akapangusa mikono, akasoma mpaka mwisho.

"Mkuu wa kikosi si alishafariki?"

"Alishafariki."

"Ndiyo maana umempenda." Akairudisha. "Alikwambia umwandike bendi?"

"Alisema popote penye nafasi."

"Nafasi zilikuwa mbili. Mdogo wangu anauliza hapa kwa nini tarumbeta, na mimi sasa nataka kujua."

Shemeji, tumeoana miaka arobaini na sikuwahi kumwambia. Maseremala walikuwa wakipelekwa mpakani kila kiangazi kujenga madaraja, miezi sita. Bendi haikutoka makao makuu hata siku moja. Na kila Jumamosi dada yako alikuwa akija getini na nguo zako alizokufulia. Wewe ukienda mpakani, angekuja kumwona nani? Makarani hatukuwekwa zamu ya geti, lakini kama unakumbuka, kila Jumamosi nilikuwa pale na bunduki nisiyojua kuifungua. Nilikuwa nanunua zamu hizo kwa kuwaandikia wenzangu barua za wachumba wao.

Nilimweleza hivyo hivyo, nimesimama kama mwizi. Akacheka mpaka njegere zikamwagika. Kisha akakasirika, kwa sababu amekukumbuka.

"Andika hivyo."

"Kwenye kiapo?"

"Unaapa kusema kweli au unaapa kusema nusu? Umemweka mdogo wangu kwenye vumbi lile ili unione mimi. Basi mtoe."

Wakili wa hapa ni binti wa miaka thelathini hivi, mkali. Alisoma, akavua miwani. "Mzee, hii ni hati ya kiapo au barua ya mapenzi?"

"Gonga mhuri juu ya vyote viwili," nikamwambia. Nikaweka sahihi, jina lote, majina matatu. Mkono haukusimama.

Nisamehe wiki hizi tano. Miaka kumi na mmoja sijui kama inasameheka kwa posta.

Shemeji yako,
Karani


1 Aprili

Shemeji,

Imefika jana saa tano asubuhi. Leo mwanangu ameiwasilisha, siku moja kabla ya mwisho, na hakuondoka mpaka walipomwandikia kwamba imepokelewa.

Nimesoma nakala. Miaka yote hiyo nilidhani unanipenda kwa ajili ya mkate wangu!

Hakuna la kusamehe. Wenzangu wanne waliopelekwa mpakani hawakurudi. Mimi nimetoka jeshini na kikohozi na shemeji.

Chachu


22 Mei

Kwa shemeji na kwa dada, msome pamoja, na dada asome kwa sauti,

Nawasalimu nikiwa nimekaa wima na pumzi zangu kifuani. Hamtaamini yaliyotokea, hivyo nitakwenda polepole.

Rufaa ilisikilizwa mwanzoni mwa mwezi. Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na feni inayolia kama bata. Walikaa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama aliyestaafu uuguzi wa jeshi; daktari; na mzee mwembamba aliyenyooka kama rula, ambaye mwanangu aliambiwa aliongoza bendi za jeshi miaka ishirini. Nikajua nimepatikana.

Mzee yule ndiye aliyeanza. Akatoa tarumbeta kutoka kwenye sanduku. "Shika kama ulivyoshika."

Nikashika. Mgongo ukanyooka wenyewe, mashavu nikayajaza upepo.

"Vizuri sana," akasema. "Vile vitufe vitatu vya juu, ulikuwa unavibonyeza wakati gani?"

Nikavitazama. "Vinabonyezwa, afande?"

Nikajieleza. "Mimi miaka yote nilivishikilia visitikisike."

Yule mzee aliinamisha uso mezani. Nilidhani amekasirika, kumbe mabega yanacheka. Mwenyekiti alikunywa maji yakaenda njia siyo. Mwanangu alitoka nje kabisa. Nami nikacheka, kikohozi kikanishika, kile chenyewe, na daktari akainuka bila kuambiwa akaniwekea kifaa mgongoni. Alisikiliza mpaka nilipotulia.

"Sasa nieleze mkate," akasema.

Hapo nilikuwa nyumbani. Nikamweleza chumba hatua nne kwa tatu, mlango umefungwa ili donge la unga lisipigwe na baridi, chekeche limening'inia juu ya kichwa kwa sababu meza ilikuwa moja na imejaa. Magunia sita kwa siku. Ukichekecha, ukuta wa mbele huuoni. Unatema mate meupe mpaka adhuhuri. Nikamweleza jinsi ya kujua donge limeiva kwa kulibonyeza na kusubiri lirudi. Mzee wa bendi alikuwa amefunga macho. "Huyu ni mwokaji," akasema. "Mimi ni shahidi. Tarumbeta hajui hata mdomo wake uko wapi."

Kisha mwenyekiti akasoma hati yako kwa sauti. Yote. Alipofika kwenye Jumamosi getini, akapunguza mwendo. Katibu mwenye tai aliacha kuandika. Alipomaliza aliuliza kitu kimoja tu: "Yule dada alikuja kuolewa naye?"

"Wako pamoja mpaka leo, mama. Na yeye ndiye aliyemlazimisha aandike."

"Nimeona," akasema.

Majibu yametoka juzi. Ugonjwa umetokana na utumishi. Rufaa imekubaliwa! Jana nimelazwa nusu siku hospitali ya jeshi, nimefungwa mashine ya mvuke puani, nimepewa dawa za mwezi, na nilipotoka nilipanda ngazi kwenda kuaga wauguzi ghorofa ya pili, ngazi zote, bila kigoda. Nilifika juu nikasahau nilichotaka kuwaambia, nikawaamkia tu.

Limebaki jambo moja. Matibabu haya ni ya miezi sita. Ili yawe ya maisha, orodha ya askari lazima isahihishwe, na kanuni yao inasema orodha husahihishwa kwa mkono wa aliyeiandika, akiwa hai na akiweza kusafiri, mbele ya ofisa. Wamekuandikia. Kuhusu uongo wako wameandika, "Bodi haioni hatua ya kuchukua." Mwanangu amekusomea mstari huo mara tatu kwa niaba yako, na kila mara unasema vilevile.

Sikuombi tena, shemeji. Nilishakuomba kubwa. Lakini mkiamua, semeni.

Shemeji yako na mdogo wako,
Chachu


4 Juni

Shemeji,

Hujambo, na safari hii najua jibu: hujambo, umepanda ngazi. Dada yako amesoma mahali hapo mara nyingi mpaka karatasi imelegea kwenye kunjo.

Barua yao imefika. Ina mihuri miwili na jina langu lote, majina matatu, hakuna herufi iliyokosewa. Nimeitwa "Karani wa Kikosi". Hawakuandika wa zamani. Naagizwa kuripoti tarehe 20 saa tatu asubuhi nikiwa na kitambulisho, kwa ajili ya kusahihisha kazi yangu.

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa nikijiuliza nitarudi nchini kwetu kama nani. Kama mgeni? Kama mzee anayetafuta makaburi ya wenzake? Sikuwa na jibu, ndiyo maana sikurudi. Kumbe nilikuwa na kazi ambayo sijaimaliza mezani, na wamenivumilia sana.

Maktaba nimewaaga. Wamenipa uzi wa kitani, bunda zima, kwa kuwa hawakujua zawadi gani humfaa mtu wa sindano. Kalamu ya wino mwekundu nimeinunua mwenyewe. Utaratibu naukumbuka: hufuti, hukwaruzi. Unapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya neno, lile la zamani libaki linasomeka. Unaandika lililo sahihi juu yake, herufi za jina lako pembeni, na tarehe. Nitaandika "mwokaji" taratibu, na nitaangalia likauke.

Dada yako amefunga sanduku tangu Jumanne, ingawa tunaondoka Jumapili. Ana sweta mbili zako. Mwambie mkunga asije kutupokea na watu wengi, sikio langu halipendi kelele. Kisha mwambie aje nao tu.

Usijibu barua hii. Jibu halitatukuta.

Shemeji yako,
Karani